Trekta lingurume dakika ngapi kabla ya kulima?

Saa kumi na mbili asubuhi Nachingwea, trekta la kukodi limeshawashwa, dereva yuko kwa mama ntilie anasubiri chapati. Plau litagusa ardhi baada ya dakika ishirini. Wengine wanaona huo ni upuuzi: washa, tia gia, piga kazi, maana mkulima analipa kwa ekari, halipii mngurumo.

Wanaopasha injini wana hoja. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu hutanuka kuliko chuma cha bloku. Injini ikiwa baridi, pistoni inacheza ndani ya silinda. Ukiitwisha plau la diski tatu papo hapo, inagonga ukuta na kula ringi. Kuna pia oili. Wengi bado wanatumia oili namba 40, ambayo ni nzito ikipoa. Kipupwe cha Juni, kule juu Newala na Tandahimba watu wanapopiga haro chini ya mikorosho, oili hiyo inachelewa kufika juu kwenye roka, yaani mikono inayofungua valvu, na kwenye tabochaji, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini.

Lakini dakika ishirini? Injini ya dizeli isiyo na mzigo haitoi joto la maana, kwa sababu hewa inayoingia ni nyingi na dizeli ni kidogo. Silinda zikiwa vuguvugu, sehemu ya dizeli haiungui. Nyingine inatoka kama moshi mweupe unaowasha macho, nyingine inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremkia kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na nozeli zinazopuliza dizeli zinaota masizi. Chomoa kijiti cha oili ukinuse: kikinuka dizeli na kimo kimepanda badala ya kushuka, hiyo ni sababu mojawapo. Gharama nayo ipo. Trekta la nguvu za farasi 75 likinywa lita moja na nusu kwa saa bila kazi, hiyo ni nusu lita kila asubuhi, lita 30 kwa siku 60 za msimu.

Tena ushauri wa kupasha muda mrefu ni wa nchi za barafu. Oili ya 15W-40, hiyo 15W inahusu kuwasha injini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Lindi haifiki huko hata kwa ndoto.

Wa "washa uende" nao wana shimo lao: tabochaji. Mhimili wake huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika ukielea juu ya oili tu. Kupiga resi kabla oili haijafika ni kuukwangua ukavu.

Tungeshauri hivi. Pima oili na maji ya rejeta, mwaga maji yaliyotuama kwenye kikombe cha chujio la dizeli. Kanyaga klachi, washa kwa resi ndogo. Taa ya oili izimike ndani ya sekunde 10; ikigoma, zima injini utafute sababu. Subiri dakika moja au mbili kwenye mizunguko kama 1,000 kwa dakika, au nne hadi tano kama ni oili namba 40, kisha ondoka taratibu. Safari ya kwenda shambani ndiyo inayopasha, tena inapasha hata oili ya gia, ambayo mngurumo wa uani hauigusi sana. Ukifika, inua na kushusha plau mara tano sita, mstari wa kwanza ulime kwa kina kidogo. Mzigo kamili usubiri mshale wa joto uingie kijani.

Na mshale usipopanda kabisa, huenda temostati iling'olewa. Trekta likichemsha, mafundi wengi hukimbilia kuing'oa. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yafike kama nyuzi 82. Bila hiyo injini inaweza kulima hadi saa nne asubuhi ikiwa bado vuguvugu. Kwa trekta la namna hiyo, kubishania dakika mbili au ishirini ni kupoteza muda. Rudisha temostati, halafu safisha rejeta iliyoziba vumbi na mbegu za nyasi, maana mara nyingi kuchemka kulianzia hapo.