Skripti ikifeli, nginx ikatae kuwaka?

Wasimamizi wengi wa seva wakitaka skripti ijiendeshe nginx (programu ya kuhudumia tovuti) inapowaka, huweka mstari mmoja wa @reboot kwenye crontab (ratiba ya cron, programu inayoendesha kazi kwa wakati wake), basi. Wana hoja: skripti ikifeli, tovuti inabaki hewani. Kwa ExecStartPre, mstari wa systemd (programu inayowasha huduma za Linux) unaotaja amri ya kuendeshwa kabla ya huduma kuwaka, skripti ikirudisha namba isiyo sifuri (ishara ya kufeli), nginx haiwaki kabisa.

Ila @reboot hujiendesha mara moja tu, cron inapoanza baada ya mashine kuwaka. Ukipiga systemctl restart nginx mchana, haiguswi. Tena skripti na nginx hazingojani. Chukua skripti inayoandika faili la anwani za seva za nyuma, zile ambazo nginx huzipelekea maombi ya wateja. Nginx ikitangulia kuwaka, inasoma faili la jana na kupeleka maombi kwenye anwani iliyokufa. systemctl status inasema active, wateja wanapata kosa la 502 (seva ya nyuma haipatikani). Kosa la skripti lenyewe cron hulituma kwa barua pepe, na seva nyingi hazina hata programu ya kuituma. Huduma iliyokataa kuwaka inajulikana papo hapo, na sababu iko kwenye kumbukumbu za huduma, journalctl -u nginx. Inayowaka ikiwa na mipangilio mibovu inaweza kudanganya hadi jioni.

Kuweka ExecStartPre ni kazi ndogo: sudo systemctl edit nginx, kisha chini ya [Service] andika ExecStartPre= na njia kamili ya skripti. Usitumie && wala |, maana hapo hakuna shell (programu inayotafsiri alama hizo). Ukiona kosa la 203/EXEC (systemd imeshindwa kuiendesha skripti), angalia ruhusa ya kutekeleza, mstari wa kwanza wa #! unaotaja programu ya kuisoma, au miisho ya mistari ya Windows. Faili liwe mali ya root na asiliandike mwingine, kwa sababu linaendeshwa kwa mamlaka ya root.

Wengi huteleza kwenye mpangilio. Kwenye Debian huduma ya nginx tayari ina ExecStartPre ya nginx -t (amri ya kukagua mipangilio), na mstari wako unaongezwa nyuma yake. Kwa hiyo nginx inakagua mipangilio ya zamani, halafu skripti yako inaandika mipya ambayo haijakaguliwa. Anza na ExecStartPre= tupu ili kufuta orodha, weka skripti, kisha rudisha mstari wa nginx -t.

Wanaobaki na cron kwa kuogopa tovuti kulala wako sahihi kwa jambo moja zito: restart huzima nginx iliyopo kwanza, ndipo skripti inaanza. Ikifeli hapo, tovuti imelala. Kwa hiyo endesha skripti na nginx -t kwa mkono kabla ya restart. Skripti isiyo ya lazima, kama ya kutuma taarifa, itangulizwe kistari: ExecStartPre=-/njia/ya/skripti. Kistari kinasamehe kosa, hakisamehi kuchelewa. Muda wa kawaida ambao systemd hungoja ni sekunde 90, hivyo curl (amri ya kuwasiliana na seva mtandaoni) yoyote ndani ya skripti ipewe --max-time 10. Na reload (kusoma upya mipangilio bila kuzima nginx) haipiti ExecStartPre hata kidogo. Anwani zikibadilika katikati ya siku, skripti hiyohiyo lazima iitwe kabla ya reload.