Tramu ya 1928 na sabufa ya juzi

Tramu za mstari namba 1 huku Milano zina mabenchi ya mbao. Si mbao za urembo. Ni fito zilizopigwa vanishi na kulainishwa na makalio ya watu kwa karibu miaka mia. Dereva anagonga kengele, chuma kinasaga chuma, mota zinaanza kuguna chini ya miguu, safari imeanza. Wenyeji wanaiita Ventotto, yaani ishirini na nane, kwa sababu iliingia barabarani mwaka 1928. Zilitengenezwa 502, na zaidi ya mia moja bado zinabeba watu wa kwenda kazini, kwa tiketi ile ile ya euro 2.20 inayodumu dakika 90.

Kabla hujaandika "huyu naye keshakuwa mzungu", subiri kidogo. Sijasema Milano ni peponi. Migomo ya usafiri huku ina mapenzi ya ajabu na siku ya Ijumaa. Ventotto yenyewe ina ngazi ndefu, mwenye kiti cha magurudumu haimfai kabisa, na mwezi wa saba ndani yake ni tanuri la mkate. Nalijua hilo. Hoja yangu ni moja tu: tramu ile inafunguka.

Chini kuna mabogi mawili, yaani fremu zinazobeba magurudumu, yenye mota nne kwa jumla, na umeme unashuka kutoka waya wa juu, volti 600. Bogi likichoka linatolewa, linaingizwa jingine, tramu inarudi kazini huku lile la kwanza likishughulikiwa taratibu. Na kwa kuwa mamia yalitoka kwenye mchoro mmoja, spea ya hili inakaa kwenye lile. Mchoro wenyewe hata si wao, waliufuata wa Mmarekani Peter Witt, aliyekuwa kamishna wa jiji la Cleveland: abiria anapanda mbele, konda kakaa katikati, nawe unalipa ukimpita kwenda nyuma. Konda amekaa! Waulize makonda wa daladala za Mbagala wangetoa nini kuipata nafasi hiyo.

Kuna mtu tayari anachapa: "Wao wana hela." Ndugu yangu, tramu ya 1928 ni ushahidi wa watu wasiotaka kutoa hela mara mbili. Sisi ndio tunaonunua kama matajiri. Tunanunua kipya, tunakata utepe, na bajeti ya grisi na bushi haipo hata kwenye karatasi. Kikifa tunanunua kingine. Karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, Dar, mnaijua, sina haja ya kuieleza. Treni yetu ya umeme inafika Dodoma tangu 2024 na naijivunia kuliko wengi wenu mnavyodhani, ila swali langu kwake si mwendo wake. Nataka kujua ghala la spea lina nini ndani.

Na msinibandike kuwa naponda kila cha kwetu. Ule mstari wa rangi ubavuni mwa daladala za Dar ni ubunifu wa hali ya juu. Asiyejua kusoma anaitambua gari yake toka mbali, vumbi au mvua. Huku metro ya kwanza ilipofunguliwa 1964, Franco Albini na Franca Helg ndio walioisanifu, na Bob Noorda akaweka utepe mwekundu ukutani wenye jina la kituo linalojirudia kila mita 5, ili popote dirisha lako litakaposimama ulisome. Mwaka huo huo kazi ile ilipewa tuzo ya usanifu ya Italia, Compasso d'Oro. Mstari wa daladala unafanya kazi ya aina ile ile kwa kopo la rangi na brashi, na sijasikia nani kaupa tuzo.

Sasa tuje kwenye muziki, maana ugonjwa ni ule ule.

Sabufa mnazonunua Kariakoo, zile zenye taa za disko, zifungue uone. Namba kwenye IC, yaani chipu, mara nyingine zimekwanguliwa makusudi. Transfoma imebanwa kwa gundi ya moto. Mchoro wa saketi haupo popote duniani. Fundi wetu, ambaye anaweza kusuka mota kwa mkono na kufunga koili ya spika akiwa anapiga soga, anabaki kukisia. Halafu mnasema fundi ni kanjanja! Fundi hana kosa. Amepewa kitu kilichozaliwa ili kitupwe.

Linganisha na mashine ya santuri ya Lenco L75, ya Uswisi, ya miaka ya mwisho ya 1960, ambayo kwenye masoko ya vitu vya kale ya huku haikosekani. Sahani yake ya chuma ina uzito wa kilo 4 hivi. Inua tu kwa mikono miwili, inatoka, na kila kitu kinakutazama: mota, gurudumu la mpira, springi. Hakuna mkanda. Gurudumu limesimama wima, upande mmoja linagusa ekseli ya mota, upande mwingine linagusa sahani kwa chini. Ekseli hiyo ina umbo la pia, nyembamba huku, nene kule. Ukisogeza wenzo, gurudumu linatembea juu ya pia na kasi inabadilika bila kukatika, kutoka mizunguko 16 kwa dakika hadi kupita 78.

Kwa nini hili litushughulishe sisi? Kwa sababu mashine nyingi zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani ni za volti 120 na hezi 60, yaani mawimbi 60 ya umeme kwa sekunde. Watu wananunua transfoma ya kushusha volti wakidhani wamemaliza. Transfoma haigusi hezi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mota inayofuata hezi inazunguka kwa sehemu tano tu za sita: 33 inakuwa chini ya 28, na 78 inakuwa 65. Siti binti Saadi, aliyevuka bahari kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, mwaka ule ule wa Ventotto, anakuimbia kama mwanamume aliyeamshwa usiku wa manane. Kwenye mashine ambayo sahani inazungushwa kwa mkanda, dawa ni kubadilisha puli ya mota, ukiipata. Kwenye Lenco unasogeza wenzo, basi.

Ila nayo ina magonjwa yake. La kwanza ni mkono unaobeba sindano. Umekalia vipande viwili vidogo vyenye umbo la V, vya mpira, na mpira ule baada ya miaka hamsini unasagika kama biskuti. Dalili: mkono unalala upande, sindano haisimami wima, santuri inachorwa. Usijaribu gundi. Vipande vipya vya plastiki ngumu vinatengenezwa na kuuzwa kwa bei ndogo, na fundi mwenye mashine ya kuchonga anaweza kuvichonga vya shaba nyeusi kwa kupima cha zamani kabla hakijamalizika.

La pili ni mota. Mafuta ya zamani yamegeuka ulimbo. Ifungue, safisha ekseli na bushi kwa spiriti, acha zikauke, kisha matone mawili ya mafuta ya cherehani juu na mawili chini. Usiweke grisi kwenye mota. Na ile dawa ya kopo ya kufungulia nati zilizoganda usiikaribishe kabisa: leo itazunguka vizuri, mwezi ujao imekauka na kuacha utando unaonata zaidi ya ule wa mwanzo.

La tatu ni gurudumu. Likiachwa muda mrefu likiwa limebanwa, mpira unapata ubapa, na spika zinatoa duk, duk, duk. Futa ukingo kwa spiriti. Kama unang'aa, uguse kwa msasa laini wa 600 huku linazunguka, kidogo kidogo. Spiriti hiyo hiyo isiguse santuri zako za 78! Zile zina laki, na spiriti inaiyeyusha. Maji safi, tone la sabuni ya vyombo, karatasi ya katikati ibaki kavu.

Sindano nayo ina mambo. Ya LP, yaani santuri ya 33, ina ncha ya mikroni kama 18, ya 78 inataka kama 65. Ukiweka ya LP kwenye 78 inazama hadi chini ya mfereji na kusomba uchafu, halafu unalaumu santuri kuwa imechakaa. Na ukiona sauti ni nyembamba kama ya mbu, umechomeka mashine kwenye tundu la AUX la amplifaya. Sindano ya sumaku inatoa milivolti chache tu, inahitaji tundu lenye jina Phono au kiamplifaya chake kabla ya amplifaya kubwa.

Umeme ukikatika, na nyote mnajua utakatika, jenereta ndogo haishiki hezi 50 sawasawa. Mwimbaji atayumba kila friji ikijiwasha. Inveta ya bei rahisi inatoa wimbi la ngazi ngazi: mota inavuma na kupata joto. Tafuta ya wimbi laini, la sivyo subiri umeme urudi.

Atatokea wa kusema: "Kazi yote hiyo kwa ajili ya nini, na simu inapiga taarabu bure?" Piga simu yako, sina ugomvi nawe. Mwingine: "Si urudi uje utufunze." Kufunzwa na mimi? Luthuli Avenue, Nairobi, na Gerezani, Dar, kuna watu watakaoitengeneza L75 kabla chai haijapoa. Wanachokosa ni vile vipande viwili vya V, ambavyo uzito wake ni gramu chache na vinaingia kwenye bahasha ya barua.

Na anayetuma mashine nzima, sahani isisafiri ikiwa juu ya ekseli yake. Kilo 4 zikirukaruka baharini zinapinda ekseli, na hapo ndipo mashine inakufa kweli. Itoe, ifunge kwa blanketi, ipate katoni yake peke yake. Mkono ufunge kwa uzi wa pamba, si kwa utepe wa gundi. Sindano itoe uiweke kwenye mkoba wa anayesafiri, maana katoni ikifika bandarini itasimamishwa kichwa chini hata kama umechora mishale pande zote nne.