Kampala 1979: Sheria ilikuwa upande wa nani?

Wanasheria hupenda kuvitaja Vita vya Kagera kama mfano wa jeshi kuvuka mpaka ili kuokoa raia wa nchi nyingine. Tanzania yenyewe haikujitetea hivyo. Mwalimu Nyerere alipotangaza vita Novemba 1978, sababu ilikuwa uvamizi: majeshi ya Idi Amin yameingia Kagera, na Amin ametangaza kwamba eneo lote hadi Mto Kagera ni la Uganda. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inairuhusu nchi iliyoshambuliwa kujilinda. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanzia Mutukula, mpakani. Wavamizi walikwisha kutimuliwa, lakini JWTZ, jeshi la Tanzania, ikasonga mbele: Masaka, Mbarara, na Aprili 11, 1979, Kampala. Watetezi wanasema Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) haukumlaani Amin, hivyo kumwachia jeshi lake kungekuwa kumngoja arudi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kumng'oa rais ni zaidi ya kulinda mpaka, na Mwalimu alilijua hilo. Ndiyo maana alisema vita ni viwili: vya Watanzania kumfukuza mvamizi, na vya Waganda kumwondoa dikteta. Kisheria maelezo hayo yanapwaya, maana bila mizinga ya Tanzania wapiganaji wa Uganda wasingefika Kampala. Kwenye mkutano wa OAU kule Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walilalamika waziwazi kwamba kanuni ya kutoingiliana imevunjwa.

Kwa nini basi Mwalimu asiseme tu kwamba anawaokoa Waganda? Naamini alifanya vyema kutosema. Nchi maskini haina kinga nyingine zaidi ya mpaka wake, na mlango wa kuvuka mpaka kwa jina la uokozi ukifunguliwa wa kwanza kupita ni wenye ndege nyingi. NATO iliishambulia Yugoslavia kwa siku 78 mwaka 1999 kwa ajili ya Kosovo bila idhini ya Baraza la Usalama. Libya, mwaka 2011, idhini ilikuwepo, ila ya kulinda raia. Ikaishia kwa kuanguka kwa Gaddafi.

Lakini siwezi kuishia hapo. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Amin Februari 1977, na OAU iliyokuwa imemkalisha Amin kwenye kiti cha uenyekiti mwaka 1975 ikanyamaza. Kama Amin asingevuka mpaka, sheria ingewapa Waganda nini? Wanyarwanda walilipata jibu mwaka 1994.

Afrika ilijaribu kusahihisha. Ibara ya 4(h) ya mkataba ulioanzisha Umoja wa Afrika, wa mwaka 2000, inauruhusu Umoja kuingilia kati penye mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo likaidhinisha askari 5,000 kwenda Burundi. Serikali ya Nkurunziza ikakataa, na mwezi uliofuata marais wakarudi nyuma.

Tatizo ni kwamba ufunguo wanao marais wenyewe, na kila mmoja anahofia zamu yake. Ningependa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ipewe kazi ya kuthibitisha kwanza kama mauaji yamefikia kiwango cha Ibara ya 4(h), kisha marais wapige kura hadharani. Rais bado ataweza kumkingia mwenzake kifua, ila atafanya hivyo ushahidi ukiwa mezani na jina la nchi yake likiwa limeandikwa.