Studio ya Joe Meek mmeipitia juu juu tu

Makala nzuri ila ndugu mwandishi umekaa sana kwenye kifo cha Joe Meek, yule produsa wa muziki wa Uingereza, studio yake umeipa mistari miwili tu jamani. Yule jamaa alikuwa anarekodi kwenye fleti ya kupanga, 304 Holloway Road London, chini kuna duka la bidhaa za ngozi, juu yeye na nyaya zake kila kona, na hata bafu lilikuwa sehemu ya studio maana mwangwi wake aliupenda. Ule wimbo wa bendi ya Honeycombs aliourekodi 1964, Have I the Right, vile vishindo unavyosikia sio ngoma peke yake, ni watu wanakanyaga ngazi za mbao kwa miguu na maiki zimebanwa kwenye ngazi kwa vibanio vya baiskeli!! Leo mtu ana kompyuta ya mamilioni na hawazi hivyo.

Halafu wimbo aliotunga yeye, Telstar wa 1962, ulishika namba moja Uingereza na Marekani, Beatles bado hawajavuma kule Marekani, akatokea mtunzi mmoja wa Ufaransa akamshtaki eti kaiba melodi, hela za mrabaha zikazuiliwa miaka yote, kesi inakuja kuisha kwa faida yake yeye keshajiua, Februari 1967, baada ya kumuua kwa risasi mama mwenye nyumba. Hilo la yule mama silitetei hata kidogo, maskini hakuwa na kosa. Ila kumwita kichaa kwenye kichwa cha habari hapana, mtu alikuwa mgonjwa na madeni juu, mngeandika produsa inatosha.