Hewa ya Tanga ipimwe kabla mji haujajaa

Ukimwambia mtu wa Tanga kwamba hewa ya mji wake inafaa kupimwa, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba sisi tuna bahari. Moshi ni shida ya Dar es Salaam na Nairobi, huku kwetu upepo unafagia. Nimelisikia jibu hilo barazani mara nyingi, na ubaya wake ni kwamba lina ukweli wa kutosha kumfanya mtu asiulize zaidi.

Ni kweli kwamba upepo wa bahari unasafisha, ila haupigi saa zote. Huanza kupata nguvu ardhi ikishapata joto, kama kuanzia saa nne asubuhi, na jioni hulegea. Usiku, hasa usiku usio na mawingu, ardhi hupoa haraka na kuipoza hewa iliyo karibu nayo, ambayo huwa nzito na kutulia chini ya hewa yenye joto zaidi iliyo juu yake, na moshi wowote unaotolewa wakati huo hukosa pa kupandia. Bahati mbaya ndio wakati ambao mji wetu unavuta moto: mama lishe wanawasha majiko ya mkaa, mabasi ya mikoani yanaunguruma stendi ya Kange, na katika nyumba nyingi watu wanafagia uwanja na kuchoma majani ya mwembe pamoja na mifuko, chupa na chochote kilichozolewa na ufagio. Pita barabara za Ngamiani saa kumi na mbili asubuhi uone moshi ulivyotanda kimo cha dirisha, huku wanafunzi wakiukata kwa baiskeli kuwahi namba.

Sasa mtaalamu akija na kifaa chake saa tano, akakaa mpaka alasiri, akaandika kwamba hewa ni nzuri, hatakuwa amesema uongo. Amepima tu saa ambayo hakukuwa na cha kupima. Ndiyo maana sina imani kubwa na vipimo vya siku mbili tatu vinavyoambatanishwa kwenye taarifa za tathmini ya athari kwa mazingira. Misimu nayo ina mambo yake. Kando ya njia wanazopita malori ya mawe na chokaa upande wa Maweni na Pongwe, majani ya mipapai huwa meupe wakati wa kaskazi, na masika yakishaingia yanarudi kuwa ya kijani. Kipimo cha mwezi mmoja kitakupa habari za mwezi huo, basi.

Tena vumbi hilo jeupe, pamoja na kero yake, silo la kuogopwa zaidi. Chembe zinazowashughulisha madaktari ni zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ambazo ni nyembamba kuliko unywele mara ishirini na zaidi, na ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine kuingia kwenye damu. Hutokana hasa na kitu kinachoungua, iwe dizeli, mkaa, kuni au taka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo, na shirika hilo hilo linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa majumbani, huchangia vifo vya mapema vya watu wapatao milioni 7 kila mwaka. Hakuna jicho linaloweza kutofautisha 5 na 20.

Mji unakua. Bandari imeongezwa kina, malori yameongezeka, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda linaishia Chongoleani, hapa hapa Tanga. Sipingi hata kimoja kati ya hivyo, kwani vijana wetu wanahitaji kazi. Ila miaka kumi ijayo mtu akilalamika kwamba hewa imeharibika, ataulizwa imeharibika kutoka wapi, na asipokuwa na takwimu za kabla, malalamiko yake yatakuwa porojo mbele ya mwenye kiwanda.

Gharama si kisingizio tena. Pale Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kupitia mradi wa AirQo kinatengeneza vifaa vya bei nafuu vinavyofungwa hata kwenye bodaboda. Vifaa vya aina hiyo humulika chembe kwa mwanga na kukadiria wingi wake, kwa hiyo unyevu wa pwani, unaozivimbisha chembe, unaweza kuvifanya visome juu kuliko ilivyo. Tiba yake inajulikana: viwekwe kwanza kando ya mashine moja ya kiwango cha juu, vilinganishwe, visahihishwe, ndipo visambazwe. Mashine moja kwa jiji zima si anasa.

Muhimu zaidi ni kwamba vifaa viwe vyetu. Mwaka 2008 ubalozi wa Marekani mjini Beijing ulianza kupima hewa na kutangaza matokeo, na ikawa vigumu kuendelea kuwaambia wakazi kwamba wanachokiona ni ukungu. Balozi nyingine zikafuata, zikiwemo za Kampala na Addis Ababa. Kisha, mwezi Machi 2025, Marekani ikasitisha kuzitoa takwimu hizo.

Sheria hatukukosa. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007. Halmashauri ya Jiji ikishirikiana na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ifunge vifaa Kange, Pongwe na kwenye shule moja ya Ngamiani, na kimoja Raskazoni, kule ufukweni kwenye upepo, ili tuone tofauti (wa Raskazoni wanisamehe), na matokeo ya kila saa yabandikwe hadharani, zikiwemo ofisi za mitaa.

Nina hofu moja, kwamba takwimu zikipatikana atakayefukuzwa kwanza ni mama lishe, kwa kuwa jiko lake linabebeka na tanuru la chokaa halibebeki. Lakini yeye ndiye anayevuta moshi huo kuliko mtu yeyote. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, na bila kifaa kinachosoma hewa ya alfajiri pale anapopikia, mwaka huo utakapofika tutahesabu mitungi ya gesi iliyogawiwa huku tukiwa hatujui kama kifua chake kimepata nafuu.