Utafiti uliofuata bei ya pipa la mafuta

Februari 2007 kampuni ya mafuta ya BP ya Uingereza ilitangaza kutoa dola milioni 500 za Marekani, kwa miaka 10, kwa utafiti wa nishati itokanayo na mimea. Baada ya vyuo kadhaa vikubwa kuziwania, fedha hizo zilikwenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikishirikiana na Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Illinois. Ikazaliwa Taasisi ya Biosayansi ya Nishati, EBI. Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, vinavyohimizwa kila kukicha vitafute wabia viwandani, vina kila sababu ya kuusoma mkasa huo, hasa namna ulivyoisha.

Waliopinga hawakuwa watu wa nje. Wengi walikuwa wahadhiri wa chuo hichohicho, na walikuwa na kumbukumbu. Mwaka 1998 idara ya biolojia ya mimea na vijidudu ilikuwa imepokea dola milioni 25 za Novartis, kampuni ya dawa na kilimo ya Uswisi, kwa miaka 5. Kampuni ikapewa haki ya kwanza ya kujadili leseni kwa karibu theluthi ya uvumbuzi wa idara, na viti 2 kati ya 5 kwenye kamati iliyogawa fedha za utafiti. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan State walipotathmini mkataba huo mwaka 2004 hawakukuta maafa yaliyotabiriwa, wala neema iliyoahidiwa, lakini walishauri mikataba ya namna hiyo iepukwe. Miaka mitatu haijapita vizuri, unakuja mkataba mkubwa mara 20. Wanafunzi walimwaga molasi nyeusi, mithili ya mafuta ghafi, mbele ya jengo la utawala.

Kilichowauma zaidi ni mgawanyo wenyewe. Dola milioni 350 zilitengwa kwa utafiti wa wazi, na hadi milioni 150 kwa kazi ya siri ya wanasayansi wa BP, waliokodishiwa nafasi palepale chuoni. Chuo cha umma, kilichojengwa kwa kodi za wananchi, kinakuwa na milango ambayo mwanafunzi wake hawezi kuifungua. Hoja hiyo sijaona ikijibiwa kikamilifu hadi leo.

Hata hivyo, kazi iliyotoka upande wa wazi si ya kubezwa. Chukua mfano mmoja. Hamira ya kawaida hula sukari iitwayo glukosi na kutoa ethanoli, kilevi kinachoweza kuendesha injini, lakini majani na mabua yamejaa selulosi, ambayo ni glukosi iliyofungwa minyororo mirefu ambayo hamira haiwezi kuimeza. Timu ya EBI ilichukua jeni za kuvu aitwaye Neurospora, anayeota kwenye majani yaliyoungua, ikazipandikiza ndani ya hamira, na hamira ikaweza kupitisha vipande vya mnyororo huo kwenye utando wake na kuvivunja ndani. Matokeo yalichapishwa kila mtu ayasome. Kule Illinois walipanda shamba zima la miscanthus, nyasi ndefu kumpita mtu, wakapima mavuno, maji na udongo msimu baada ya msimu. Kazi inayomweka mtaalamu wa kilimo, mkemia na mchumi chini ya paa moja kwa miaka mfululizo haigharimiwi na ruzuku ndogondogo za miaka miwili.

Kisha ikaja Aprili 2010. Mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka kwenye Ghuba ya Mexico, watu 11 wakafa, na kisima cha BP kikamwaga mafuta baharini kwa karibu miezi mitatu. Agosti mwaka huo watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley waliandika katika jarida la Science kwamba bakteria wa kina kirefu walikuwa wakiyala mafuta yale haraka kuliko ilivyodhaniwa. Sehemu ya gharama ilitoka EBI, yaani BP. Mwezi huohuo, jarida hilohilo, watafiti wa taasisi ya bahari ya Woods Hole, Marekani, walieleza wingu la mafuta lenye urefu wa zaidi ya kilomita 35, kwenye kina cha takriban mita 1,100, lisiloonyesha dalili za kuoza kwa kasi. Bakteria walao mafuta walionekana pia na watafiti wengine, na sina sababu ya kushuku uaminifu wa waliowagundua kwanza. Lakini msomaji wa kawaida angewezaje kujua? Habari njema kwa mtuhumiwa ilikuwa imetoka kwenye maabara anayoifadhili. Mwanasayansi aliyefanya kazi safi anajikuta analipa deni la mfadhili wake, na hilo ni dhuluma kwake kabla ya kuwa hatari kwa umma.

Ila pigo kubwa zaidi halikutoka kule wakosoaji walikokuwa wakitazama. Mwaka 2007 waliogopa kwamba BP ingekimeza chuo. Watetezi nao waliahidi mafuta safi kutoka kwenye nyasi. Katikati ya 2014 pipa la mafuta ghafi liliuzwa zaidi ya dola 100. Januari 2015 lilikuwa chini ya 50. BP ikaachana na ethanoli ya selulosi na kuikatia EBI ufadhili kabla miaka 10 haijatimia. Sayansi haikuwa imeshindwa. Hesabu za kampuni ndizo zilizobadilika, na mkataba uliiruhusu kuondoka. Taasisi ilibidi isinyae na kutafuta wabia wengine, Shell ikiwa mmoja wao.

Sisi tuliuona upepo huohuo kwa sura mbaya zaidi. Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilichukua zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji kwa ajili ya mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kuendeshea injini. Kufikia 2011 ilikuwa imefilisika, wafanyakazi wameachishwa, na wanavijiji hawana ardhi wala ajira. Mimea ile ilipandwa kwa maelfu ya hekta kabla mtu hajapima vya kutosha mavuno yake kwenye udongo wetu. Hapo ndipo chuo kilipotakiwa kuwepo mapema, kikiwa na uhuru wa kusema "bado".

Kwa hiyo siungani na wanaotaka vyuo vikatae fedha za viwanda. Umoja wa Afrika uliweka lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwenda kwenye utafiti, na nchi zetu hazijalifikia. Anayemwambia mhadhiri wa Dar es Salaam au Nairobi akatae mbia, amwoneshe pia mashine ya maabara itanunuliwa na nani. Na mikataba bora inawezekana. Berkeley hiyohiyo, kwenye kazi ya mwanasayansi wake Jay Keasling ya kutengeneza dawa ya malaria artemisinini kwa kutumia hamira, iliyofadhiliwa na Wakfu wa Gates kwa dola milioni 42.6, ilitoa leseni bila kudai mrabaha, na kampuni ya dawa ya Sanofi ikakubali kuzalisha bila faida. Hata huko soko lilikuwa na neno lake: bei ya artemisinini ya shambani ilishuka chini ya ile ya kiwandani, uzalishaji ukasimama. Ila hakuna aliyefungiwa ujuzi ule.

Ninachotaka kukiona kwenye mikataba yetu ni kifungu cha kuondoka, kiandikwe kwa uzito uleule wa kifungu cha hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Mwanafunzi wa uzamivu anahitaji miaka minne au mitano. Kampuni hupanga bajeti kwa mwaka. Basi fedha za kila mwanafunzi anayesajiliwa chini ya ubia ziwekwe zote kwenye akaunti ya chuo siku anayosajiliwa, na takwimu za mashambani zibaki chuoni, kampuni iwepo au isiwepo. Mbia atakayeona sharti hilo ni gumu, chuo kijue mapema kwamba hakuja kukaa.