Biosensa ya batobato: tuanze na probu, mashine baadaye

Kila ikitajwa biosensa (kifaa kidogo cha kugundua DNA ya kirusi) ya batobato, ugonjwa wa virusi wa muhogo, hapa Uganda, swali la kwanza huwa la mashine: potenshiostati gani (mashine ya kutoa volti na kupima mkondo wa umeme), na je, inaunganishwa na simu? Huko ni kuanzia mkiani. Kipimo hufa au hupona kwenye herufi 20 hivi za probu, yaani kipande kifupi cha DNA kinachonasa DNA ya kirusi, na kwenye uso wa dhahabu unaoibeba.

Aina iliyoangamiza muhogo Uganda miaka ya 1990 ni kirusi chotara. Jeni ya ganda lake ina ncha mbili za EACMV, yaani kirusi cha Afrika Mashariki, lakini kipande cha katikati ni cha ACMV, kirusi cha batobato cha Afrika. Probu ikilenga hapo katikati, itakutangazia ACMV na kukupoteza kabisa. Weka probu mbili, ya katikati na ya ncha ya EACMV, kisha ongeza ya tatu ya ncha ya ACMV, kwa sababu virusi hivi hupenda kuishi pamoja ndani ya mmea mmoja.

Halafu dhahabu. Isafishe kwa mizunguko ya volti ndani ya asidi ya sulfuriki ya mola 0.5 mpaka mchoro wa mkondo dhidi ya volti uache kubadilika. Probu yenye thioli (kundi la salfa linaloshika dhahabu) ipitishe kwanza kwenye TCEP, kemikali ya kuzitenganisha thioli, kwa saa moja, la sivyo thioli zitabaki zimeshikana mbili mbili. Bandika ikiwa mikromola 0.1 hadi 1, kisha jaza mapengo kwa merkaptoheksanoli (molekuli fupi inayofunika dhahabu iliyobaki wazi) ya milimola 2, walau saa moja. Probu zikisongamana, DNA ya kirusi haipati pa kuingia. Zikiwa chache mno, mkondo unamezwa na kelele.

Shida kubwa iko kwenye usomaji wenyewe. Probu nyingi hubeba methilini bluu, rangi inayobadilishana elektroni na dhahabu, kwenye ncha. Zikinasa kirusi hukakamaa, rangi ikaenda mbali na dhahabu, mkondo ukashuka. Lakini mkondo hushuka pia utomvu wa jani unapoganda juu ya elektrodi, yaani uso huo wa dhahabu, au thioli zinapobanduka kwa joto. Kwa hiyo uchafu nao husomeka kama ugonjwa! Sioni kwa nini mtu akubali kipimo cha namna hii bila elektrodi pacha kwenye kijiti hichohicho, yenye probu ya herufi zilizovurugwa. Pacha akishuka naye, hakuna jibu hapo. (Majani ya muhogo yana fenoli na utelezi mwingi, sampuli isiyosafishwa itakusumbua kila siku.)

Baada ya kusoma, suuza kwa maji yasiyo na chumvi kwa sekunde 30, rudisha bafa ya chumvi (mmumunyo wa kupimia), pima tena. Bila chumvi nyuzi za DNA huachana, basi mkondo unapaswa kurudi karibu na ulipoanzia. Usiporudi, tupa matokeo hayo, hata kama mchoro ulikuwa wa kupendeza.